Ngano Iliyofundishwa Kungoja

"Hivi shemeji, hiyo ngano inajuaje kwamba kiu imekwisha?"

Jirani yake Tluway Margwe ndiye aliyemuuliza Basilisa swali hilo, miaka mitatu kabla ya mambo haya, Qamara mume wa Basilisa akiwa bado hai. Tluway alikuwa ameegemea ua wa matete, kofia mkononi, anachungulia mabeseni ishirini na manne yaliyopangwa ndani ya boma. Akaongeza kwamba yeye akishikwa na kiu humwendea mkewe Natalia akalalamika mpaka apewe maji ya kumnyamazisha. Sasa hii ngano yenu inamlalamikia nani? Qamara alicheka hadi kikohozi kikamshika.

Basilisa alijibu kama alivyofundishwa kwenye kituo cha mbegu. Ngano haijui kiu itakwisha lini, wala haitakiwi kujua. Anayejua ni mlezi wa mbegu, kama yeye. Siku ya kwanza mlezi huimwagia maji ya ziwa yenye chumvi, kisha huhesabu siku kumi na nne bila kuipa hata tone.

"Una moyo mgumu, shemeji."

"Ni kazi tu, shemeji."

Ilikuwa kazi kweli, tena kazi iliyokuwa ikilisha Endasabo nzima. Mwaka huo ulikuwa wa sita tangu ziwa Balangida lilipovuka barabara. Chumvi ilipanda kwa chini, kimyakimya. Ilionekana kwanza kwenye kuta za nyumba kama jasho jeupe, halafu kwenye kwato za ng'ombe, halafu mashambani. Mahindi yaliacha kuota. Maharage yalitoa majani mawili yakafa. Iliyobaki ni ngano, na si ngano yoyote, ila ile iliyofunzwa.

Basilisa alisoma mpaka darasa la saba, lakini habari za ngano alizijua kwa macho na vidole. Alijua kwamba mzizi ndio wa kwanza kupata habari. Ukigusa udongo mkavu au wenye chumvi, mzizi hutengeneza dawa kidogo na kuituma juu pamoja na utomvu, na jani likiipokea hufunga midomo yake. Midomo hiyo ni matundu madogo kuliko ncha ya sindano, ngano huvuta hewa kwayo na maji hutokea humohumo. Baada ya hapo jani hujikunja kwa urefu, jua lisilipate lote. Hujipaka nta. Ndani yake hujitengenezea sukari na vitu vingine vya kushikilia maji machache yaliyobaki, na chumvi iliyokwisha kupenya husukumwa kwenye majani ya chini, yale yaliyozeeka, ikafungiwa humo kwenye vifuko. Majani ya chini hukauka yangali yamesimama. La juu kabisa, lile linalolisha suke, hubaki kijani.

Hayo ngano iliyajua tangu zamani. Ila ilikuwa ikiyajua polepole, na chumvi ya Balangida haikuwa na subira. Ndipo kituo cha mbegu kikaleta kitu chake. Wataalamu walikipa jina refu, walezi wakakiita gundi. Ilikuwa chupa ndogo inayoletwa na ndege isiyo na rubani kila msimu, matone matatu kwa kila shina. Ngano mama iliyotiwa gundi haikusahau kitu. Chochote kilichoipata katika siku zile kumi na nne kiliingia kwenye mbegu, na watoto wake walizaliwa wanakijua, wakafunga midomo siku ya kwanza tu mzizi ulipoonja chumvi, bila kupoteza hata asubuhi moja.

Chochote kilichoipata. Maneno hayo walezi waliambiwa mara nyingi, na Basilisa aliyasikia vizuri kama wenzake.

*

Qamara aliugua kifua wakati wa kuotesha. Alipanda mabeseni yote ishirini na manne kwa mkono wake, amekaa kwenye kigoda kwa sababu kusimama kulimshinda, akamwambia mkewe kwamba safari hii mistari imenyooka kuliko ya kituoni. Hakuiona ikichipua vizuri. Akazikwa nyuma ya nyumba, upande wa mlima.

Arobaini yake iliangukia siku ya tisa ya kiu.

Kwa watu wa bonde lile, siku ya kuondoa matanga mwenye msiba hushika kata, akampa maji kila kilicho hai ndani ya boma la marehemu, kwa mkono wake, kabla yeye mwenyewe hajanywa. Huanza na wageni, hufuata watoto, halafu mifugo, halafu hata mti kama marehemu aliupanda. Rafiki wa marehemu humfuata nyuma na ndoo. Maana yake ni kwamba aliyeondoka asisikie huko aliko kwamba nyumbani kwake kuna aliyeachwa na kiu. Padri mwenyewe alikuwa akiibariki ndoo hiyo baada ya misa, na asubuhi ile aliibariki.

Ndoo ilibebwa na Tluway. Basilisa akawapa maji wageni, akamnywesha kila mtoto, akampa binti yake Pulkeria aliyekuja na mumewe kutoka juu, upande wa mfereji wa mlimani. Mbuzi walikunywa. Ndama alikunywa, mbwa akakunywa kwenye kiganja chake. Mpapai wa Qamara ukapata kata mbili. Kisha hatua zikamfikisha kwenye mabeseni.

Majani yalikuwa yamejikunja hadi yakawa kama nyuzi. Ukiyapitishia mkono yalichakarisha. Basilisa alikuwa ameona ngano ya siku ya tisa misimu mingi na haikuwahi kumsumbua. Alikuwa akiitazama kama mama anavyomtazama mtoto anayechanjwa. Siku ile alitazama mistari, jinsi ilivyonyooka. Nyuma yake Tluway aliitua ndoo karibu na mguu wake, na alipogeuka alimkuta amempa mgongo, anatazama mlima Hanang.

Akachota. Kata moja kwa kila beseni, ishirini na nne. Alijiambia kwamba huku si kumwagilia, ni kuagana tu, na kwamba kata moja kwenye udongo ule ilikuwa kama mate. Hakuona kosa. Aliona tu kwamba kazi ya mikono iliyopanda vile haikupaswa kuachwa na kiu siku ile moja.

Jioni, kisanduku cha kituo kilichotundikwa mlangoni kiliuliza kama kila siku.

"Siku ya tisa. Maji?"

"Hakuna," alisema Basilisa.

Akachukua rozari yake. Baadaye, alipoyarudia mambo hayo moyoni tena na tena, kitu kilichomuuma zaidi ni kwamba sauti yake haikutetemeka hata kidogo. Alikuwa ameulizwa juu ya kazi akajibu juu ya kazi, na yale maji aliyaweka upande wa ibada, mahali ambapo kisanduku hakikuwa na ruhusa ya kuuliza.

Kijiti kilichochomekwa kwenye udongo kuonja unyevu kilionyesha badiliko dogo. Leokadia, mtaalamu wa kituo, aliliona kwenye kioo cha mashine yake akadhani ni umande wa mlimani. Siku ya kumi na nne ikafika, ngano ikanyweshwa, ikaiva, ikapurwa, mbegu ikatiwa muhuri. Msimu uliofuata ilipandwa katika shamba la kituo iongezeke, na baada ya hapo ikagawiwa nyumba kumi na mbili. Nyumba kumi na moja zilikuwa juu, kwenye mfereji unaoshuka kutoka mlimani. Ya kumi na mbili ilikuwa ya Tluway, chini kabisa, karibu na ziwa. Yeye aliiomba mwenyewe. Alikataa mbegu za walezi wengine, akasema anataka ile iliyopandwa na Qamara.

*

Tluway alihitaji msimu huo kuliko mtu yeyote. Ardhi ilikuwa imekuwa finyu Endasabo, na watu wengi walikuwa kwenye mahema ya barabarani wakingoja nafasi. Kwa hiyo baraza la mashamba liliweka sheria kwamba nyumba itakayokosa mavuno misimu mitatu mfululizo itoe shamba lake na kwenda yenyewe kwenye mahema. Msimu wa kwanza Tluway aliliwa na nzige. Wa pili ziwa lilipanda likakaa shambani kwake wiki mbili. Huu ulikuwa wa tatu.

Mvua zikakatika ngano ikiwa inatoa masuke. Waliopanda karibu na ziwa hawakuogopa sana, kwani ndiyo kazi ngano ilikuwa imefundishwa. Siku ya kwanza majani yakajikunja bonde lote la chini. Siku ya tano bado. Siku ya tisa bado.

Siku ya kumi Basilisa alikuwa anarudi kutoka jumuiya, saa sita mchana, akapita kwa Tluway kumsalimia Natalia. Tluway akamwita kutoka shambani, uso umechangamka.

"Tumsifu Yesu Kristo, shemeji. Njoo uone maajabu."

"Milele amina."

Akamwonyesha kwa mkono. Mashamba ya majirani yalikuwa ya kijivu, majani yamejisokota. La kwake lilikuwa kijani tupu. Kila jani lilikuwa limefunguka bapa, limelala wazi kuelekea jua, na upepo ukipita shamba zima liling'aa. Tluway akasema wenzake wamekuja asubuhi kumwonea wivu, mmoja amemtania kwamba usiku anaiamkia kuikojolea. Akacheka. Akasema Qamara alikuwa na mkono wa kupanda.

Basilisa alipiga goti akashika jani. Lilikuwa la baridi.

Mtu asiyejua angefurahi. Basilisa alijua kwamba jani la ngano katika kiu, saa sita mchana, likiguswa huwa la moto kama bati, kwa sababu midomo imefungwa na hakuna maji yanayotoka kulipoza. Jani la baridi ni jani linalotoa maji. Shamba lile lilikuwa limefungua midomo yake yote kwa pamoja katika jua lile, na lilikuwa linamwaga kila lilichokuwa limehifadhi kwa siku tisa.

Alihesabu kwa vidole, ingawa hakuhitaji kuhesabu. Akasimama, akapangusa goti.

"Vipi?" Tluway alimuuliza.

Alimjibu kwamba jua ni kali, anaona kizunguzungu kidogo. Natalia akamletea maji. Aliyanywa yote, maana kikombe kilikuwa mkononi na watu walikuwa wanamtazama.

Siku ya kumi na tatu shamba la Tluway lilikuwa jeupe, limekauka lote. Majirani wake waliokuwa na ngano ya kijivu walikuja kusimama pembeni, hawakutania tena.

*

Basilisa alikwenda kituoni kwa miguu, jani limefungwa kwenye leso. Alimweleza Leokadia kila kitu, tangu ndoo hadi kisanduku. Leokadia alikuwa msichana wa watu mwenye adabu, aliyezoea kumwita mama na kumletea sukari akija kukagua. Aliweka jani chini ya taa yake, akakaa akitazama kwenye kioo muda mrefu, mguu unagonga sakafu.

"Haikuwa dhaifu, mama," alisema mwishoni. "Hilo nataka ulijue. Ilijifunza vizuri kuliko zote nilizowahi kuona. Siku tisa funga. Kisha fungua, maji yanakuja."

"Kata moja tu."

"Gundi haipimi wingi. Ilikuwa inakufa, ikapewa maji. Kwake hilo ndilo somo kubwa kuliko kiu yenyewe. Hivyo watoto wake walifunga, wakahesabu, wakafungua midomo. Wakangoja."

Basilisa alishika ukingo wa meza. Alikuwa amefikiri labda atakuta ugonjwa, au chumvi iliyozidi, au hata dhambi yake imesimama peke yake bila kugusa mtu. Hakuwa amefikiri kwamba ngano ilikufa kwa kumwamini.

Leokadia akamweleza yaliyofuata, taratibu, kama mtu anayepanga vyombo vinavyovunjika. Kama jambo hili likiandikwa, msimu huu hautahesabiwa kwa Tluway, kwa kuwa mbegu ndiyo yenye kosa. Atabaki kwenye shamba lake. Lakini mbegu iliyofunzwa vibaya hung'olewa popote ilipo kabla haijakomaa, mtu asije akaiweka akiba ikazaa wengine wa kungoja. Mashamba kumi na moja ya mferejini yalikuwa yamebakiza wiki tatu yavunwe. Yalikuwa yanakunywa maji ya mlima, hayakuwahi kufikishwa siku ya kumi ya kiu, yangevunwa bila neno. Yangeng'olewa yote. La Pulkeria lilikuwa la nne kutoka juu.

"Na lisipoandikwa?"

"Basi Tluway amekosa misimu mitatu." Leokadia alizima taa. "Mama, mimi sijaona kitu kama hutaki nione. Nitahakikisha ya hao kumi na mmoja inaliwa yote, haibaki mbegu hata punje. Nyumba kumi na moja, mama. Fikiria."

Alifikiria. Alipita kwa Pulkeria akakuta wajukuu wameketi kizingitini wanatafuna ngano mbichi waliyoipikicha mikononi, midomo ya kijani. Pulkeria alikuwa anaongea habari za gunia la kumpelekea mama mkwe, na za bati mbili za jikoni, na kwamba huyu wa mwisho safari hii ataanza shule akiwa na viatu. Akamuuliza mama yake mbona haongei. Basilisa akasema miguu. Binti akapasha maji akamkanda miguu, akiendelea kuongea, na mama alivumilia kila tone.

Kwa siku tatu alimwomba Mungu njia ya tatu. Kila asubuhi alipofika penye maneno ya kuomba kusamehewa ulimi ulikataa kuendelea, akaanza upya tangu mwanzo. Njia ya tatu haikuja. Kilichokuja ni kwamba alianza kumwogopa Tluway. Akimwona kwa mbali njiani alikata kona. Siku ya tatu alijificha nyuma ya mpapai wake mwenyewe, mtu mzima na nywele nyeupe, na alipokuwa pale alijua kwamba akinyamaza ataishi hivyo mpaka kaburini.

*

Baraza lilikaa asubuhi katika darasa la shule, mwenyekiti Boay kwenye meza ya mwalimu, watu kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa vifua. Watu wa mferejini walikuwa wamekuja wote kumi na mmoja, kwa sababu shamba likitolewa ilikuwa desturi waliogawiwa mbegu moja na mwenye shamba washuhudie. Pulkeria alikaa dirishani. Tluway na Natalia walikaa dawati la mbele, mtoto wao mdogo amelala begani kwa mama yake. Kibati cha shamba, chenye namba, kilikuwa shingoni mwa Tluway kama kawaida.

Mwenyekiti alisoma misimu: nzige, ziwa, kiu. Akasema baraza linasikitika. Kabla ya kufunga, sheria ilimtaka amuulize mlezi wa mbegu swali moja, nalo aliliuliza akiwa tayari ameshika kalamu ya kuandika ndiyo.

"Mama Basilisa, mbegu hii ilifunzwa siku kumi na nne bila maji?"

"Hapana."

Kalamu ilisimama. Mtu mmoja wa nyuma alisema kwa sauti ya chini kwamba mwacheni bibi wa watu, msiba umemchanganya, na wawili watatu wakacheka kidogo kwa huruma. Basilisa hakugeuka. Alieleza akiwa amesimama, mikono imeshika mgongo wa dawati. Alisema siku ya arobaini ya Qamara, alisema kata ngapi. Alisema kwamba jioni yake aliulizwa akajibu hakuna, na kwamba hilo halikuwa kosa la gundi wala la kituo. Alieleza jani la baridi. Leokadia, aliyekaa pembeni, alitazama sakafu. Mwenyekiti alipomuuliza kama ni kweli, akajibu kwamba ni kweli, amelipima.

"Mama," alisema Pulkeria kutoka dirishani. Hilo tu. Uso wake ulikuwa umeanza kuelewa kabla ya watu wengine, na Basilisa akauona ukielewa, hatua kwa hatua, hadi mwisho.

Ndipo kelele zikaanza. Wengine walisema ngano yao haina ubaya wowote, waende wakaione. Mzee mmoja aliapa kwamba atakayeng'oa shamba lake amng'oe yeye kwanza. Mwingine alimkumbusha Tluway kwamba walimletea unga alipoliwa na nzige. Mwenyekiti Boay aligonga meza kwa kiganja mpaka wakanyamaza, akasoma kifungu. Mbegu huhukumiwa kwa shtaka la mkulima aliyeumia, si la mwingine yeyote. Tluway akiweka dole gumba lake, msimu wa tatu unafutwa na mbegu yote inang'olewa. Asipoweka, hakuna shtaka.

Natalia akauliza, "Akiweka, sisi tunabaki?"

"Mnabaki."

"Na wao?"

"Inaanza kung'olewa kesho."

Natalia alimhamisha mtoto bega. Akasema, bila kumtazama mtu, kwamba yeye hajamwomba mtu yeyote amwagie ngano maji. Kwamba ana watoto wanne, na kule kwenye mahema dada yake alizika wawili kwa mwaka mmoja. Akamwambia mumewe, "Weka."

Kidau cha wino kilisukumwa. Tluway akainuka, akakandamiza dole lake kwenye wino, likawa jeusi mpaka kwenye kifundo. Akalishika juu ya karatasi. Halafu akamgeukia Basilisa, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kusema Basilisa akamtazama machoni.

"Shemeji, siku ile ndoo ilibebwa na nani?"

"Na wewe."

"Ulinikuta nimekupa mgongo."

"Ndiyo. Nikajua hukuona."

"Niliona," alisema Tluway. "Niligeuka baada ya kuona. Ulikuwa umesimama pale na kata, huendi mbele hurudi nyuma. Mimi ndiye niliyeitua ndoo miguuni pako. Hukuniomba niitue." Akalitazama dole lake jeusi. "Nikasema moyoni, Qamara alioa kweli."

Basilisa alitaka kumwambia kwamba aliyechota ni yeye, kwamba kuitua ndoo si kitu, kwamba aweke tu lile dole. Alifungua kinywa. Tluway akatikisa kichwa, si kwa ukali.

Mwenyekiti alimwambia kwamba sheria haiulizi habari za ndoo, inauliza dole tu. Akamwambia afikirie watoto wake. Tluway alibaki amesimama, mkono juu ya karatasi, muda mrefu kiasi kwamba wino ulianza kukauka. Alitazama kwenye madawati, mmoja mmoja, wale wa mferejini. Akafika dirishani kwa Pulkeria, ambaye alikuwa ameficha uso kwenye khanga. Halafu akapangusa dole kwenye suruali yake, akalipangusa tena mpaka kitambaa kikafanya weusi mpana pajani. Akavua kibati shingoni. Kamba yake ilinasa sikioni akaitoa bila haraka, akakiweka juu ya karatasi, akatoka.

Watu kumi na mmoja walishusha pumzi kwa pamoja. Hawakukusudia, na wengine waliinamisha vichwa mara tu walipoisikia, lakini ilisikika darasa zima, na Basilisa aliisikia kuliko wote, kwa sababu ndani yake ilikuwamo ya mtoto wake.

Natalia alikuwa bado amekaa. Alikitazama kile kibati kana kwamba kingeweza kuinuka kikarudi. Akaokota kofia ambayo mumewe alikuwa ameisahau kwenye dawati, akamfunga mtoto mgongoni, akakaza fundo, akalikaza tena. Njia ya kwenda mlangoni ilipita alipokuwa amesimama Basilisa.

"Natalia," Basilisa alisema, akanyoosha mkono. "Mwanangu, watoto wabaki kwangu. Hata mmoja. Hata—"

Natalia aliutazama mkono ule, kiganja chake na vidole vyake, kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa kwa herufi ndogo. Kisha akaupita, akatoka nje kwenye jua.